Mtungi Ukipumua Haujalipuka

Saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la Dar es Salaam halina utani. Mtungi wa gesi wa kilo 15 wa Mama Shani, mama ntilie wa kona ya kwetu, ulikuwa umeegemea ukuta wa bati uliopigwa na jua tangu adhuhuri. Ghafla ukaanza: tsiiii! Kama tairi la lori linalotolewa upepo. Shingoni mwa mtungi pakachomoza ukungu mweupe. Kufumba na kufumbua, mabenchi yakabaki na sahani za wali tu.

"Mama, mtungi unalipuka huo!" kijana wa bodaboda alipiga kelele akiwa ameshafika ng'ambo ya barabara.

"Ungelipuka ungekuwa unanisikia, mwanangu?" Mama Shani alijibu, huku akimwaga sufuria zima la maji ya kuoshea vyombo juu ya jiko la mkaa. Katika watu wote waliokuwepo, ni yeye peke yake aliyefanya jambo la maana. Jamaa mmoja alikuwa ameshatokea na kipande cha sabuni ya mche, anataka kwenda kuziba. Kabla hajafika, sauti ikakata yenyewe. Baada ya dakika mbili tatu ikarudi, ikakata tena. Tukaumwagia mtungi maji kwa mbali, ndoo baada ya ndoo, mpaka ukanyamaza kabisa.

Jioni yakawa mabishano. Mmoja anasema mtungi ni mbovu, urudishwe ulikotoka. Wengine wanasema ni jua tu, jua peke yake linaupasua mtungi. Mwingine anasema gesi yote ni balaa, heri mkaa. Kijana wa bodaboda akatoa simu, akatuonyesha picha za moto wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa usiku ule wa tarehe 1 Februari 2024. Na mimi, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha boila (lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) cha kiwanda, nikageuziwa macho. Niliyowajibu ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu mabishano ya aina hii nayaona mtandaoni kila joto linapopanda, na yatazidi. Tanzania imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ufikapo mwaka huo wa mwisho. Maana yake ni mitungi mingi mipya kwa watu ambao hawajawahi kuishi nayo.

Tatizo, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye kitenzi kimoja. "Kulipuka" tumelibebesha mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Gesi ikivuja kwenye mpira, ikajaa jikoni, ikakutana na cheche ya kiberiti, chumba kizima kinawaka kwa kishindo na madirisha yanaruka. Magazeti yanaandika "mtungi umelipuka", na ukienda eneo la tukio unaukuta mtungi umesimama pale pale, mzima, umeungua rangi tu. Hapo kilichowaka ni gesi iliyokwisha kutoka nje. Jambo la pili ni chuma chenyewe cha mtungi kuchanika. Hilo ni adimu zaidi na ni baya zaidi, na jina lake halisi ni kupasuka. La tatu ni la Mama Shani: mtungi umeachia gesi wenyewe, kwa makusudi ya aliyeutengeneza, ili usipasuke. Mimi huliita kupumua. Kifaa kinachofanya kazi hiyo wataalamu wanakiita valvu ya usalama. Hapa nitakiita kipumulio, ili tusikichanganye na valvu ile ya kufungulia na kufungia gesi.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu presha. Siyo ile ya kupanda na kushuka ambayo daktari anakukataza chumvi, ingawa msingi wake ni ule ule: kitu kilichofungiwa ndani kinasukuma kuta. Fundi wa tairi akikuuliza "nikuwekee 32?" anazungumzia kipimo ambacho ni sawa na takribani bar 2.2. Bar moja ni kama kuweka pakiti ya kilo moja ya sukari juu ya eneo dogo lenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kila ukucha mmoja wa ukuta, kilo moja. Bar 26, presha ambayo vipumulio vingi vya mitungi ya gesi hufunguka ikifikiwa au ikikaribiwa, ni kilo 26 juu ya ukucha huo huo, yaani nusu mfuko wa saruji na zaidi kidogo. Sasa mrudie yule jamaa na kipande chake cha sabuni.

Anza na presha kuka, kwa sababu hapo kila kitu kinaonekana kwa macho. Juu ya kifuniko chake kuna kichuma kidogo kinachocheza na kupiga filimbi. Kiondoe, ugeuze kifuniko, ukiangalie kwenye mwanga: chini yake kuna kijitundu cha milimita tatu hivi. Mvuke ukitaka kutoka lazima ukinyanyue kichuma hicho. Hesabu yake ni nyepesi. Tundu la milimita tatu lina eneo dogo sana, asilimia saba ya ule ukucha wetu, kwa hiyo ili kulizuia lisiachie mvuke mpaka presha ifike bar moja juu ya ile ya hewa ya nje, unahitaji asilimia saba ya kilo: gramu 70. Mtengenezaji amepima uzito wa kichuma akijua ukubwa wa tundu. Kwenye bar moja ya ziada maji yanachemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100, na ndiyo maana maharage yanaiva upesi. Presha ikitaka kuzidi hapo, kichuma kinanyanyuka, mvuke unatoka, presha inarudi. Filimbi inayokukera ukiwa unaangalia tamthilia ni kipumulio kikiwa kazini.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 300. Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu chake cha kupikia kwa mvuke mwaka 1679, na ili kisiwapasukie akakiwekea tundu lililozibwa kwa wenzo wenye uzito mwishoni. Kwa maneno mengine, mitambo yote mikubwa ya mvuke iliyokuja baadaye, pamoja na magari moshi yaliyopanda kutoka Mombasa, iliazima ulinzi wake kutoka jikoni.

Lakini kichuma kinaweza kushindwa, na mara nyingi kinashindwa kwa ganda la harage. Povu la maharage linapanda, ganda linanasa kwenye kijitundu, mvuke hauna njia. Ndiyo sababu presha kuka nzuri haitegemei ulinzi mmoja. Kwenye kifuniko kuna kizibo kidogo cha mpira, au cha madini laini, ambacho kichuma kikizibwa kinang'oka na kuruka. Nyingine zina upenyo mdogo kwenye ukingo wa kifuniko. Presha ikizidi mno, mpira wa kifuniko unafura na kuchungulia pale, mvuke unatokea ubavuni. Watu wengi wakiona kile kizibo kimeruka wanakibadilisha kwa skrubu na nati "ili kisisumbue tena". Nimeiona mwenyewe kwenye nyumba ya ndugu yangu, skrubu inang'aa, na mwenye nyumba anajisifia ufundi. Alikuwa amegeuza sufuria kuwa bomu na anapikia makongoro. Maharage yasipite nusu ya sufuria, na kabla ya kufunika angalia kijitundu kwenye mwanga kama kinapitisha. Inachukua sekunde tano.

Rejeta ya gari nayo ni ndugu wa presha kuka. Kile kifuniko chake kina springi ndani inayoshikilia takribani bar moja, ili maji yasichemke mapema. Fundi anapokufokea usikifungue injini ikiwa moto, ni kwa sababu ukikifungua unaondoa ghafla ile bar moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi zaidi ya 100 yanageuka mvuke usoni kwako palepale. Kumbuka picha hiyo ya maji moto yaliyotulia kwa sababu tu yamekandamizwa. Tutaihitaji.

Turudi kwenye mtungi wa gesi. Ndani yake si hewa iliyosindiliwa kama kwenye tairi. Ni kimiminika, mchanganyiko wa propeni na biuteni, na juu ya kimiminika kuna mvuke wake. Propeni inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu iko tayari kuchemka wakati wote. Kinachoizuia ni chuma. Inachemka kidogo, mvuke unajaa ile nafasi ya juu, presha inapanda, halafu kuchemka kunasimama. Ukifungua jiko mvuke unatoka, presha inashuka kidogo, kimiminika kinachemka tena kujazia.

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: presha ya mtungi haitegemei gesi imebaki kiasi gani, inategemea joto. Mtungi uliojaa na mtungi uliobaki robo, vikikaa kivuli kimoja, vina presha ile ile, mpaka tone la mwisho la kimiminika liishe. Propeni tupu ikiwa kwenye nyuzi 20 ina presha ya takribani bar 7. Kwenye nyuzi 40 inakaribia 13. Biuteni ni mpole zaidi: kama bar moja, kisha inakaribia tatu. Mtungi wako uko katikati, kutegemea mchanganyiko. Kwa hiyo ile saa yenye mshale mwekundu na kijani inayouzwa pamoja na regyuleta, wauzaji wakikwambia inaonyesha gesi iliyobaki, wanakuuzia kipimajoto. Mizani ndiyo inayosema kweli.

Na hiyo regyuleta yenyewe, ambayo watu wengi wanadhani ndiyo kinga dhidi ya kupasuka, haina habari na mtungi. Kazi yake ni kupunguza presha inayokwenda kwenye jiko, kutoka bar kadhaa hadi takribani bar 0.03. Hiyo ni presha ndogo kiasi cha pumzi ya mtu anayepuliza mrija uliozamishwa sentimita 30 kwenye ndoo ya maji. Inaulinda mpira na jiko. Upande wa ndani, mtungi unabaki na presha yake yote, uwe umefungua au umefunga.

Kwa hiyo jua peke yake linaweza kuupasua mtungi? Mtungi uliojazwa sawasawa, hapana, si kwa jua la kawaida. Mitungi ya majumbani hujaribiwa kwenye presha ya takribani bar 30, na hata propeni tupu kwenye joto la Dar haifiki nusu yake. Hapa ndipo wengi wa wale waliokuwa wakibishana jioni ile walipokosea. Jua lilichangia, lakini kulikuwa na jambo lililotangulia.

Kimiminika cha gesi kikipata joto kinatanuka, na kinatanuka kuliko maji mara nyingi. Kiwandani mtungi hujazwa hadi asilimia 80 au 85 ya ujazo wake, na ile sehemu iliyobaki juu inaachwa makusudi. Ndiyo nafasi ya kutanukia. Fikiria daladala la asubuhi: likiwa na nafasi kidogo, konda akisema "sogeeni", watu wanasogea. Likijaa mpaka mlangoni halafu kila abiria akanenepa, kitakachotangulia kuachia ni bati. Mtungi uliojazwa kupita kiasi, kimiminika kikitanuka mpaka kikagusa dari, hauna tena mvuke wa kubana. Kimiminika hakibaniki. Tangu hapo presha haipandi polepole. Kila nyuzi moja ya joto inaweza kuongeza bar kadhaa. Nyuzi tatu nne tu zinatosha kukutoa kwenye usalama na kukufikisha kwenye bar 26.

Kipumulio chenyewe ni kitu kidogo kuliko unavyodhani. Kimejengwa ubavuni mwa valvu, shingoni mwa mtungi: kizibo cha mpira, nyuma yake springi iliyokazwa kwa kipimo. Presha ikiishinda springi, kizibo kinarudi nyuma, gesi inatoka. Presha ikishuka, springi inakirudisha. Ndiyo maana ulisikia tsii, ukimya, tsii, ukimya. Kwa kila pumzi mtungi unapoteza kiasi kidogo cha gesi na kujipatia nafasi. Ule ukungu mweupe watu waliodhani ni moshi ni unyevu wa hewani ulioganda kwa baridi, kwa sababu gesi inayotoka inachukua joto la kila inachokigusa. Weka kiganja chako pale na utaungua kwa baridi.

Angalia vilevile kipumulio kimewekwa wapi: juu, kwenye mvuke. Mtungi ukiulaza, kimiminika kinakuja shingoni, na kikipumua kinatema kimiminika badala ya mvuke. Lita moja ya kimiminika inageuka takribani lita 250 za gesi. Kwa hiyo ile tabia ya kuulaza mtungi unapokaribia kuisha "ili umalize", au kuupeleka umelala kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, inaharibu mpango wote. Kuutumbukiza kwenye beseni la maji ya moto ili gesi iliyobaki ichangamke ni jamaa wa tabia hiyo. Mtungi unapoa unapotumika sana, kweli, hata unatoa jasho la baridi, na mwali unalegea. Uache upumzike. Beseni la moto, na hasa kuusogeza karibu na jiko la mkaa, ni kuipandisha presha kwa mkono wako.

Sasa niseme jambo ambalo halipendezi: si kila mtungi una kipumulio. Mingi inayo, mingine haina, na hiyo mingine haikutengenezwa kwa uzembe. Wahandisi wenyewe hawajakubaliana moja kwa moja. Ukikaa nje, kupumua ni heri tupu. Ukikaa ndani ya jiko dogo lisilo na dirisha, mtungi unaopumua unajaza chumba gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini ikatoka, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inatafuta taa ya kibatari au friji la jirani. Kwa hiyo katika baadhi ya nchi waliamua kwa mitungi midogo: tutengeneze chuma kinene, tusimamie ujazaji, tusiweke tundu. Binafsi niko upande wa kipumulio, kwa sababu ulinzi unaotegemea kila mjazaji kuwa mwaminifu, kwa mitaa ninayoijua mimi, ni ulinzi wa kwenye karatasi. Lakini hoja ya upande wa pili si ya kipuuzi, na ndiyo inayotufundisha kwamba mahali pa mtungi ni penye hewa, ikiwezekana nje ya ukuta.

Halafu kuna moto. Hapa ndipo uongo hatari kuliko wote unapokaa: kwamba mtungi wenye kipumulio hauwezi kupasuka.

Tarehe 4 Januari 1966, kwenye kiwanda cha mafuta cha Feyzin, karibu na Lyon, Ufaransa, propeni ilivuja chini ya tangi kubwa la mviringo, ikatambaa mpaka barabarani, ikawashwa na gari. Moto ukarudi chini ya tangi. Kipumulio cha tangi kilifunguka kama kilivyotakiwa, kikapiga mwali juu angani. Wazima moto wakaelekeza maji kwenye matangi ya jirani, kwa imani kwamba lile linaloungua linalindwa na kipumulio chake. Baada ya saa moja na nusu hivi likapasuka. Watu 18 walikufa.

Kwa nini? Kwa sababu kipumulio kinatazama presha, hakitazami chuma. Chini, mahali chuma kinapogusana na kimiminika, kimiminika kinanyonya joto, sawa na sufuria ya maji isiyoungua ikiwa na maji. Juu, penye mvuke, hakuna cha kunyonya. Na kila kipumulio kinapoachia gesi, kimiminika kinashuka na ile sehemu kavu inaongezeka. Chuma kikifika nyuzi 600 hivi, kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Presha ambayo jana kiliibeba bila taabu leo kinashindwa nayo. Kinachanika. Na hapo, kumbuka maji ya rejeta: kimiminika chote kilichokuwa kimekandamizwa kinachemka kwa mara moja, kinatanuka mara mamia, kinapata moto. Vipande vya chuma huruka mamia ya mita. Mwaka 1984, tarehe 19 Novemba, hilo lilitokea mfululizo, tangi baada ya tangi, San Juanico pembeni ya jiji la Mexico, na watu takribani 500 wakafa. Embakasi, ambako lori lililobeba gesi liliwaka katikati ya makazi ya watu, serikali ya Kenya ilisema mtungi mmoja uliruka ukaangukia ghala la nguo na kulichoma. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Kwa hiyo mtungi unaopumua juani na mtungi unaopumua katikati ya moto hutoa sauti ile ile lakini unakwambia mambo mawili tofauti. Wa kwanza unakwambia: zima moto wote ulio karibu, usiguse swichi, nipe kivuli na maji. Wa pili unakwambia: ondoka, chukua watoto, nenda mbali kuliko unavyoona inatosha, waite zimamoto. Huwezi kujua chuma kimebakiza dakika ngapi.

Kuna vifaa vinavyotazama joto badala ya presha, na mimi nimeishi navyo. Boila yetu kiwandani ilikuwa na kizibo chenye risasi katikati. Risasi ya madini, siyo ya bunduki. Maji yakipungua, kizibo kinabaki kikavu, risasi inayeyuka, mvuke unapiga ndani ya tanuru, unazima moto na kupiga kelele ya kumwamsha aliyelala zamu. Wazo hilo ni la Mwingereza Richard Trevithick. Mwaka 1803 boila yake moja ilipasuka Greenwich, London, na kuua watu; inasimuliwa kwamba kijana aliyeachiwa kuiangalia alikwenda kuvua mikunga. Trevithick akaona kwamba kipumulio kinachomtegemea mtu hakitoshi. Baadhi ya mitungi ya asetilini, ile ya wachomeleaji wa gereji, ina vizibo vya aina hiyo vinavyoyeyuka kwenye takribani nyuzi 100. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksaidi nao una kisahani chembamba cha chuma kinachochanika presha ikizidi. Hicho kikichanika hakirudi. Mtungi unamaliza gesi yote. Kopo la dawa ya mbu, kwa upande wake, lina kitako kilichobonyea kwa ndani, na presha ikipanda kitako kinabinuka nje kupata nafasi kidogo. Kidogo tu. Ndiyo maana limeandikwa lisifike nyuzi 50, na ndiyo maana jalala linalochomwa jioni linapiga mizinga.

Kwa mtaani kwetu, hata hivyo, kinachonitia hofu kuliko mtungi wa Mama Shani ni kompresa za mafundi wa tairi. Tazama tangi lake: mahali fulani juu pana kipumulio kidogo cha shaba chenye pete. Ile pete ni ya kuvuta, angalau mara moja moja, tangi likiwa na upepo, uone kama kinaachia na kufunga. Nyingi hazijavutwa tangu ziliponunuliwa. Nyingine, kipumulio kilipoanza kuvujisha, kilitolewa na tundu likazibwa kwa boliti. Na tangi lile lina adui ambaye mtungi wa gesi hana: hewa inayobanwa inaacha maji, maji yanakaa kitako, chuma kinalika kutoka ndani ambako hakuna anayeona. Koki ya kumwagia maji hayo iko chini kabisa, imeziba kwa tope la kutu. Kiwandani tangi la namna hiyo hujaribiwa kwa kujazwa maji na kupandishwa presha, kwa sababu maji hayabaniki: chuma kikichanika, unalowa viatu. Hewa iliyobanwa ingekuchukua na ukuta.

Nilibakiza la mtungi wa Mama Shani. Siku ya pili yake nilimwuliza aliujaza wapi. Akaniambia yupo kijana nyuma ya soko anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, bei yake nafuu, na kwa kuwa ni mteja wake wa siku nyingi, humwekea nyongeza.

Tukaubeba mpaka kwa muuza mkaa, ambaye ana mizani ya kupimia magunia. Shingoni mwa mtungi pamegongwa uzito wa chuma kitupu: kilo 16.4. Ongeza gesi ya kilo 15, mizani ilipaswa kusoma 31.4. Ilisoma 34.6, na hapo ulikuwa umeshapumua mchana mzima.

"Kumbe nyongeza yenyewe ndiyo hii," Mama Shani alisema, akauelekeza mtungi kwa kidole, hakutaka kuugusa.